Laxton na Mamwinyi Wake

Kabla Wanormani hawajavuka bahari, ardhi ya Laxton ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeitwa Toki. Walipokwisha kuvuka, ikawa ya Geoffrey Alselin. Habari hiyo imo katika daftari la Domesday, hesabu kubwa ya mali iliyoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, miaka ishirini baada ya kuitwaa Uingereza kwa upanga. Maelezo ya kijiji hiki cha Nottinghamshire, kilichoandikwa humo Laxintune, hayajazi hata aya moja ya gazeti: plau sita za kukokotwa na maksai, ekari 40 za majani ya kukata, msitu wa kulishia mifugo, wakulima watwana 22, wengine wa daraja la chini yao 7, watumwa wanaume 5 na mtumwa mwanamke 1. Zamani za Toki mahali hapo palithaminiwa pauni 9. Sasa ni pauni 6.

Toki alikwenda wapi? Makarani hawakutumwa kuuliza hilo. Walitumwa kuandika nani alikuwa na ardhi, nani anayo, na mfalme ategemee nini. Hata ile tofauti ya pauni tatu wameiacha bila maelezo, kana kwamba thamani ya nchi hushuka yenyewe kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Na yule mwanamke mmoja, aliyekuwa chini ya Walter, aliyekuwa mtu wa Geoffrey, aliyekuwa mtu wa mfalme, hana jina wala kazi. Ana tarakimu tu. Kila ninaposoma historia za milki za Kiingereza humfikiria yeye, maana waandishi wa historia hizo wakishafunga ukurasa wa Domesday humwacha papo hapo na kushika njia ya mabwana: fulani akamrithi fulani, fulani akamwoa binti fulani, mpaka unajiona unasoma nasaba ya farasi wa mashindano.

Laxton nayo ina mabwana wake, na nitawapitia, kwani baadhi yao wana visa. Lakini kijiji hiki kina kitu ambacho maelfu ya vijiji vingine vya Uingereza vilikipoteza. Mpaka leo wakulima wake wanalima makonde makubwa matatu yasiyo na ua, kila mmoja akiwa na vipande vyake vilivyotawanyika katikati ya vipande vya wenzake, na baraza la milki bado linakaa kila mwaka kuamua nani amevuka mpaka wa nani. Mamwinyi wamepishana kwa zaidi ya miaka mia tisa, na utaratibu wa wakulima uko palepale. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninaloliona haliwapi mamwinyi sifa kubwa.

Tuanze na milki yenyewe. Mtu wa leo akisikia habari za mwinyi wa Kiingereza hufikiria jumba la mawe, mbwa wa kuwindia na bustani iliyopunguzwa kwa mkasi. Jumba lilikuwa pambo. Kiini cha milki kilikuwa haki: haki ya kupewa kazi, nafaka, fedha na utii na watu waliozaliwa mahali fulani. Mwinyi alishika ardhi kutoka kwa mfalme au kwa mwinyi mkubwa kuliko yeye. Mtwana naye alishika vipande vyake kutoka kwa mwinyi, kwa kumlimia siku kadhaa za kila juma. Akitaka kumwoza binti yake, alimlipa bwana. Akifa, bwana alichukua mnyama aliye bora zizini kabla watoto hawajaanza kugawana. Na yakitokea magomvi ya mpaka, ya malisho au ya ng'ombe aliyeingia kwenye ngano ya jirani, yalisikilizwa katika baraza la bwana, na faini ikaingia mfukoni mwa bwana. Kwa hiyo hata ugomvi wa maskini ulikuwa sehemu ya mapato. Mwaka 1290 sheria ya Mfalme Edward I ilifunga mlango wa kuunda milki mpya za aina hiyo, ndiyo maana milki ya kweli ya Kiingereza, hata ile inayouzwa mnadani leo kama cheo kitupu, hudai mizizi ya kabla ya mwaka huo.

Kutoka kwa ukoo wa Alselin, Laxton ilikwenda kwa ukoo wa de Caux, na kutoka kwa de Caux ikaenda kwa Everingham. Mara zote mbili ilipitia ndoa. Tazama basi: katika karne mbili za mwanzo wanawake ndio walioibeba milki kutoka nyumba moja hadi nyingine, na kila walipofika walikofika, jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa la mume. Mmoja tu alikataa kumezwa na jina la mume. Matilda de Caux, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 13, alikuwa yeye mwenyewe mlinzi wa misitu ya mfalme ya Nottinghamshire na Derbyshire, Sherwood ikiwemo, na wafalme walilazimika kumtambua hivyo. Ngome ya ukoo huo ilisimama juu ya kilima cha udongo kaskazini mwa kijiji, kilima kilichorundikwa kwa mikono ya watu. Ngome imekwisha zamani. Kilima na mahandaki yake vipo, vimeota majani, na kondoo wanapanda.

Ulinzi wa msitu wa mfalme ulikuwa kazi ya heshima na ya kurithiwa, ikawafikia akina Everingham pamoja na ardhi. Haukudumu. Katika miaka ya 1280 Robert de Everingham alipatikana na makosa ya kuwinda kulungu wale wale aliowekwa kuwalinda, akapokonywa cheo. Waswahili wana msemo wa fisi aliyekabidhiwa bucha, na sioni haja ya kuongeza. Wazao wake waliendelea kuwa mabwana wa Laxton, na mmoja wao, Adam de Everingham, amelala mpaka leo katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli kijijini hapo, amechongwa kwa jiwe, na wake zake wawili wako naye. Mke mmoja ni wa mbao. Sanamu za kaburi za mbao kutoka zama hizo ni chache. Katika Nottinghamshire nzima ni hii peke yake. Wanahistoria wa sanaa wana mengi ya kusema juu ya mafundi na bei ya mawe. Mimi nastaajabu tu kwamba mbao zile zimewashinda wadudu, matengenezo ya kanisa na mafundi wa karne ya 19 waliolifupisha jengo lenyewe, wakati mamia ya watu waliomlimia mumewe hawana hata mahali panapojulikana kuwa kaburi lao.

Baada ya Everingham kuna karne mbili hivi za kesi, mafungu na mauzo, ambazo zina faida kwa wanasheria kuliko kwa msomaji. Naziruka. Niseme badala yake juu ya makonde, kwa sababu wakati huo wote ndiyo yaliyokuwa yakilisha watu.

Mpangilio wake haukuwa wa ajabu kwa Ulaya ya zama zile. Konde moja lilipandwa ngano ya kipupwe, la pili likapandwa nafaka au kunde za majira ya kuchipua, la tatu likalazwa lipumzike na kulishia mifugo. Mwaka uliofuata zamu zikasogea. Kila familia ilikuwa na vipande katika makonde yote. Mtu hakuwa na ekari zake mahali pamoja. Alikuwa na kipande huku, viwili kule, kimoja bondeni, kingine kwenye mteremko unaokausha maji haraka. Mtaalamu aliyeletwa kutoka mjini huona upotevu: muda wa kutembea, mipaka isiyohesabika, magugu ya mvivu yakimwingilia mwenye bidii. Mkulima huona bima. Mvua ikizidi, bondeni kutaoza na mteremkoni kutapona. Mvua ikikosekana, mambo hugeuka. Hakuna aliyepata udongo mzuri peke yake, wala aliyeachiwa mbaya peke yake. Na kwa kuwa kila mtu alipakana na kila mtu, hakuna aliyeweza kupanda anachotaka siku anayotaka: ilibidi wakae, wakubaliane tarehe ya kufungulia ng'ombe kwenye mabua, wachimbe mitaro pamoja, wachague watu wa kukagua. Baraza lilikuwa la mwinyi kwa jina na kwa faini. Kazi yake halisi ilikuwa ya majirani.

Mwaka 1625 akaja bwana wa aina mpya. Sir William Courten hakuwa na nasaba ya mapanga. Wazazi wake walikuwa wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Flanders, na yeye alitajirika London kwa hariri, kitani, meli na kukopesha wafalme. Mwaka 1627 meli yake ilishusha walowezi wa kwanza wa Kiingereza kisiwani Barbados, ingawa muda si mrefu kipenzi mmoja wa mfalme alimpokonya kisiwa kwa hati. Courten aliinunua Laxton kutoka kwa Duke wa Buckingham kama alivyonunua vitu vingine, akihesabu faida, na mwaka 1635 mpima ardhi wake, Mark Pierce, akakamilisha ramani ya milki hiyo ambayo leo iko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Kila kipande kimechorwa. Kila kipande kina nambari, na daftari linaloandamana na ramani linataja mwenye kipande hicho na ukubwa wake.

Ni kazi ya kupendeza. Pierce hakuridhika na mistari, ametia watu. Kuna wanaolima na maksai, wanaopanda, wanaovuna, na wawindaji na mbwa wao. Lakini ukiitazama kwa muda unaanza kuona ilichorwa kwa ajili ya nani. Mkulima wa Laxton hakuhitaji ramani. Alivijua vipande vyake kwa nyayo, hata gizani. Aliyehitaji ramani ni mfanyabiashara wa London aliyetaka kujua amenunua nini bila kuchafua viatu. Domesday ilihesabu watu ili mfalme ajue atoze nini. Pierce alihesabu ardhi ili mwekezaji ajue apandishe nini. Katika safari hiyo ya karne tano na nusu, angalau watu walipata majina.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1635, Mfalme Charles I alimpa Courten na wenzake kibali cha kufanya biashara ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema, jambo lililoichukiza Kampuni ya India Mashariki iliyodhani bahari ile yote ni yake. Courten alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe aliendelea, na kampuni yao ndiyo iliyopeleka walowezi wa Kiingereza katika ghuba ya Mtakatifu Augustino, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 1645. Walitarajia shamba la pili la Barbados, safari hii katika bahari yetu. Njaa, maradhi na uhasama na wenyeji viliwamaliza wengi, na waliobaki wakaondoka mwaka uliofuata. Hapo nyuma madeni yalikuwa yameshawafika shingoni. Wafalme waliokopeshwa na baba hawakuwa wepesi wa kulipa. Laxton ilikuwa imekwisha kuuzwa karibu mwaka 1640. Kwa wakulima wa kijijini, Barbados na Madagaska vilikuwa mbali kuliko mwezi, lakini kwa miaka kumi na mitano hivi kodi ya vipande vyao ilikuwa kijito kimoja kati ya vijito vya fedha vya ukoo uliopeleka watu huko.

Mnunuzi alikuwa Robert Pierrepont, Earl wa Kingston, na ukoo wake ndio uliokaa kuliko wote. Yeye mwenyewe hakukaa. Vita kati ya mfalme na Bunge vilipoanza mwaka 1642, Earl alisitasita kwa muda mrefu kuchagua upande, na hadithi iliyoandikwa na mjane wa kanali mmoja wa Bunge, Lucy Hutchinson, inasema aliapa kwamba siku atakayoshika silaha kwa upande wowote mzinga na umkate vipande viwili. Mwishowe alimchagua mfalme. Mwezi Julai 1643 alitekwa na watu wa Bunge mjini Gainsborough, akapakiwa kwenye mashua kupelekwa Hull, na mizinga ya upande wake mwenyewe, ikiifyatulia mashua ile, ikamuua. Iwapo kiapo kile kiliongezwa baadaye na wapenda visa, sina ubishi, mzinga haukuongezwa.

Wazao wake walipanda cheo wakawa Duke wa Kingston. Mwinyi ninayempenda zaidi katika orodha nzima, hata hivyo, ni mtu ambaye hakupaswa kuwemo. Elizabeth Chudleigh aliolewa kwa siri mwaka 1744 na ofisa wa jeshi la majini, Augustus Hervey, wakaachana bila talaka. Mwaka 1769 akaolewa na Duke wa pili wa Kingston kana kwamba ndoa ya kwanza haikuwako. Duke akafa mwaka 1773 bila mtoto, akamwachia mkewe matumizi ya mali yake maisha yake yote. Wapwa wa Duke hawakukubali. Mwaka 1776 alishtakiwa kwa kuolewa na waume wawili, mbele ya malodi wa Bunge zima, katika ukumbi wa Westminster, na watu wa daraja la juu wakagombania viti vya kutazamia. Akapatikana na hatia. Adhabu ya kawaida ilikuwa kuchomwa alama kwenye mkono, lakini Hervey alikuwa amerithi cheo cha Earl wa Bristol, kwa hiyo huyu mama, kwa kukosa kuwa mke halali wa Duke, alikuwa mke halali wa Earl, na mke wa Earl hachomwi. Akatoka na mkono wake mzima, akaenda Urusi na Ufaransa, akijiita Duchess kama kawaida. Wasia wa Duke haukutenguliwa. Mpaka alipofia Paris mwaka 1788, kodi za ardhi za Pierrepont zilikuwa zake.

Huwa natamani kujua siku ya hukumu ile Laxton walikuwa wakifanya nini. Ilikuwa Aprili: nafaka za majira ya kuchipua zilikuwa zinapandwa. Sidhani kuna mtu aliyeacha plau yake.

Charles Meadows, mmoja wa wale wapwa, akarithi, akabadili jina kuwa Pierrepont, na mwaka 1806 akafanywa Earl Manvers. Na hapa ndipo Laxton ilipopaswa kwisha. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ua ardhi za wazi, zikagusa ekari zipatazo milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya nchi. Kijiji baada ya kijiji, wapima walifika, vipande vikakusanywa vikawa mashamba mraba yenye wigo, haki za malisho ya pamoja zikafutwa, na wadogo waliopewa kijisehemu kisichotosha gharama ya wigo wakauza wakaenda mijini. Mabwana wa Laxton hawakuwa watu wa kuyapinga hayo. Sehemu za kijiji zenyewe zilizungushiwa ua kidogokidogo. Lakini makonde makuu yalibaki, na sababu inayotajwa zaidi inachekesha: ardhi haikuwa ya mmoja. Kulikuwa na Manvers, kulikuwa na Earl wa Scarbrough mwenye fungu kubwa la pili, kulikuwa na wenye viwanja vyao huru, na vigogo hawa wawili hawakupata kuelewana masharti na gharama wakati ule ambapo kila mtu mwingine alikuwa akielewana. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Laxton tembo walinuniana tu, na nyasi zikapona.

Ukoo ulipopata nguvu ya kufanya upendavyo, haraka ilikuwa imepita. Mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers wa wakati huo aliunganisha vipande vingi ili viwe vichache na vikubwa, akaacha utaratibu wenyewe uendelee. Mwaka 1938 mtaalamu wa uchumi wa kilimo wa Oxford, C. S. Orwin, pamoja na mkewe, walichapisha kitabu juu ya makonde ya wazi, mfano wao ukiwa Laxton, na ghafla jambo ambalo wakulima walikuwa wakilifanya kwa sababu ndivyo lilivyofanywa likawa hazina ya taifa. Earl wa sita, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho, aliuza. Mwaka 1952 mwinyi mpya wa Laxton akawa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, iliyonunua ili vipande vile vilivyotawanyika visiunganishwe.

Msomaji wa Kenya atakuwa ameshashtuka kwa mwaka huo. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Miaka miwili baadaye, 1954, R. J. M. Swynnerton wa Idara ya Kilimo ya Kenya alitoa mpango uliobeba jina lake, na shabaha yake moja kubwa ilikuwa kuvikusanya vipande vya wakulima Waafrika, vilivyotawanyika juu na chini ya migongo ya Kiambu, Fort Hall na Nyeri, viwe shamba moja lenye hati ya mtu mmoja. Hoja zilikuwa zilezile alizozitoa kila mpima wa Kiingereza tangu karne ya 18: muda unaopotea njiani, mipaka isiyokwisha ugomvi, mkulima hodari kufungwa miguu na mvivu. Na sababu za wakulima zilikuwa zilezile za Laxton. Mgongo una juu kwenye baridi na chini kwenye joto, una udongo wa viazi vikuu na udongo wa mahindi, na mwenye kipande kila mahali halali njaa kwa msiba mmoja. Tofauti ni kwamba Uingereza vipande vilikusanywa kwa sheria ya Bunge na mawakili, Kenya vilikusanywa wakati maelfu ya wenyewe wakiwa kizuizini, hawapo kusema mpaka wangu ni huu. Waliokuwa upande wa serikali walikuwapo, na walisema.

Ni rahisi kulipiga hilo mhuri wa unafiki na kuondoka. Naona limekaa vibaya zaidi ya unafiki. Wizara ya London na idara ya Nairobi hazikuwa zikijificha. Kila moja iliamini inachofanya, na zilikuwa zikisoma historia ileile. Katika historia hiyo makonde ya wazi ni utoto wa kilimo. Mzee huweza kuweka picha ya utoto wake ukutani. Anayehesabiwa kuwa bado mtoto hapewi ukuta, anaambiwa akue. Laxton ilihifadhiwa kwa sababu ilikuwa imeshindwa kiasi cha kutomtisha yeyote, kwa kuwa ekari chini ya 500 za makonde hazingebadili bei ya mkate. Mpango wa Swynnerton ulifanikiwa kwa kahawa na maziwa, hilo ni kweli na watetezi wake wana takwimu. Ulifanikiwa pia kuzalisha watu wasio na ardhi kabisa, na kesi za mashamba ambazo mahakama za Kenya bado zinazo.

Tangu 1952 Laxton imebadili bwana mara mbili zaidi. Mwaka 1981 wizara iliikabidhi kwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za ufalme, na mwaka 2020 shirika hilo likaiuza kwa milki ya Thoresby, yaani kwa warithi wa Pierrepont walewale walioiuza. Miaka sitini na minane ya serikali ikawa kama mkopo uliorudishwa. Umwinyi wenyewe kisheria ulikuwa umekwisha: kushika ardhi kwa desturi ya milki kulifutwa kwa sheria zilizoanza kazi tarehe 1 Januari 1926, na mwaka 1977 Bunge liliondoa mamlaka ya kimahakama ya mabaraza ya aina hii nchini kote. Machache yaliachiwa kazi zao za desturi. La Laxton ni mojawapo, na lina kazi ya kweli kuliko mengi ya wenzake, ambayo siku hizi huonja pombe na kuvaa majoho.

Kazi hiyo ni hii. Mwisho wa Novemba wazee wa baraza kumi na wawili, wote watu wa hapohapo, wanakwenda kwenye konde lililopandwa ngano. Wanapanda kwenye tela la trekta, maana wazee ni wazee. Wanapita kipande kwa kipande, wanapima, wanapigilia vigingi vipya pale mpaka ulipopotea, wanaandika nani amelima mpaka akala njia au ukingo wa majani usiopaswa kuguswa. Halafu wanakula mchana katika baa ya kijiji, Dovecote, ambako wiki moja baadaye baraza lenyewe hukaa, msimamizi wa bwana akiwa kitini. Majina huitwa. Asiyefika hutozwa peni chache. Aliyevuka mpaka hutozwa zaidi kidogo, kiasi kisichomuumiza mfukoni, lakini kinasomwa mbele ya majirani anaokutana nao kila siku, kwa kuwa nyumba za mashamba ya Laxton hazikutawanyika nje. Zimepangana barabarani katikati ya kijiji. Zile kingo za majani, ambazo zimekuwa na maua ya mwitu yaliyokwisha kwingine, nyasi zake hupigwa mnada kila kiangazi.

Thoresby walinunua wakisema wataendeleza utaratibu, na sina sababu ya kuwashuku. Lakini bwana hawezi kuuendeleza peke yake hata akitaka. Anahitaji wakulima, na wakulima wamepungua, mashine zimepanuka, vipande havikupanuka kwa kiasi hicho. Dereva akisinzia kidogo mwisho wa tuta, plau ya leo hula kwa dakika moja ardhi ambayo mkulima wa ramani ya 1635 angehitaji misimu kadhaa ya hila kuimega, kwa hiyo wale wazee kumi na wawili bado wana mengi ya kupima.